Namba Inayofuata Nne

Kufuli lilikuwa jipya na gumu. Inspekta alilibana kwa viganja vyote viwili mpaka likalia, akalivuta chini kuhakikisha limeshika, kisha akautia ufunguo kwenye mfuko wa suruali.

"Umeshafunga?" sauti ya mwanamke iliuliza kutoka ndani.

"Nimefunga."

"Haya, tumekuwa kuku wa kufungiwa, mimi na mwanangu."

"Ni saa ya chakula tu, mdogo wangu. Mtu akipita akaona kufuli nje, atasema hamna mtu. Kaa mbali na dirisha. Mtoto akianza kulia, mpe ziwa."

"Na moto je?"

"Moto utakwenda nyumba ya nane. Huko nane nimewaficha konstebo wawili, wanangoja. Nyie mko namba saba. Nakuahidi, hakuna atakayewagusa."

Mama yule akaguna.

"Nimekuamini, afande. Ila ujue naogopa mpaka maziwa yamekata."

Inspekta alipenya kwenye pengo la ua wa michongoma, akajikwaruza mkono, akatokea kwenye njia ya nyuma kama mtu aliyekuwa ananyoosha miguu.

Ilikuwa shule ya bweni, wanafunzi wako likizo, na mahali pao wamekuja walimu wa hesabu kusahihisha mtihani wa taifa. Walilazwa kwenye nyumba za walimu, nyumba kumi na mbili zilizopangwa mstari mmoja chini ya shule, kila moja na mlango mmoja wa mbao na madirisha yenye nondo. Aliyezijenga, sijui alifikiri nini, alielekeza milango yote kwenye ua wa michongoma, kila mmoja na ukuta wa kuukinga na wa jirani, ili mtu akitoka na taulo asionekane. Faragha nzuri sana. Hata anayemwaga petroli mlangoni haonekani.

Nyumba ya kwanza ilipoungua, watu walisema ni pasi. Ilikuwa saa ya chakula, hamna mtu ndani, wakacheka na kumchangia mwenzao shati. Ilipoungua ya pili, saa ile ile ya chakula, hawakucheka. Wakamkamata dereva wa lori kwa sababu mikono yake ilinuka petroli, kama vile kuna dereva ambaye mikono yake inanuka marashi. Dereva akiwa mahabusu, ikaungua ya nne. Humo kulikuwa na mzee mmoja, msahihishaji wa miaka mingi, aliyeacha sahani yake bwaloni kwa sababu tumbo lilimsokota, akarudi kulala. Walimkuta nyuma ya mlango.

Tangu hapo watu wazima, wenye shahada zao, walikwenda chooni wawiliwawili. Kuondoka walikatazwa, amri kutoka juu ilisema kambi haivunjwi mpaka karatasi ya mwisho ipate alama yake. Usiku mwanaume mmoja alilia mpaka majirani wakagonga ukuta, si kumnyamazisha, kumwambia tu kwamba wako macho.

Inspekta naye alikuwa anaogopa, tusifichane. Alikuwa ameona maiti nyingi, lakini hakuwahi kuona mlango ulioparurwa kwa ndani. Ndiyo maana jana, mtu alipompa kitu cha kushika, alikishika kwa mikono miwili.

Aliyempa ni Profesa. Hakuwa profesa wa kweli. Ni jina ambalo wanafunzi wake walimpa likamganda. Mwembamba, nadhifu, chaki mfukoni kama wengine wanavyobeba kalamu. Alisimama mbele ya ubao, walimu wenzake wakiwa wamejikunyata kwenye madawati ya watoto, akaandika: 1, 2, 4.

"Afande, huu ni mfuatano," alisema. "Moja mara mbili?"

"Mbili," wakajibu watu wazima kama darasa.

"Mbili mara mbili?"

"Nne."

"Nne mara mbili?"

Hapo walisita. Nyumba ya nane alikaa Mama Kichanga, mwalimu kijana aliyekuja na mtoto wa kunyonya kwa kibali maalumu. Saa ya chakula haendi bwaloni. Hubaki nyumbani kunyonyesha. Alikuwa kwenye dawati la mbele, mtoto begani. Alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Nane."

"Kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia," Profesa alisema. "Baada ya nane ni kumi na sita, na hatuna nyumba ya kumi na sita. Anamalizia nane."

"Hakuna jibu jingine?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna. Namba hazijui kusema labda."

Ndivyo mtego ulivyotegwa. Watu wote wajue kwamba nyumba ya nane imebaki kama ilivyo, ili muuaji asishtuke. Konstebo waingie kabla ya alfajiri na wasitoe hata pua. Na Mama Kichanga ahamishwe kimya kimya nyumba ya jirani, namba saba, ambayo ilikuwa tupu tangu mwenyewe apelekwe hospitali kwa shinikizo la damu. Waliojua hilo ni Inspekta, konstebo wake, na mama mwenyewe. Hata Mkuu wa Jopo, msimamizi wa wasahihishaji wote, hakuambiwa.

Kengele ya chakula ililia. Inspekta alitembea polepole kupanda mlima, akapita nyumba ya sita ambapo mlinzi alikaa kwenye kigoda na rungu magotini, akapita ya tano ambapo kulikuwa na mwingine, akapita masizi ya nne bila kugeuza uso. Mlangoni pa nyumba ya tatu alisimama.

Mlinzi wa hapo walimwita Koplo. Jeshini aliishia kukata nyasi, lakini cheo alijipa mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Habari za mchana?"

"Nzuri. Niambie tena siku ya mzee wa nyumba ya nne. Ulikuwa hapa hapa?"

"Hapa hapa kama mzizi. Niliambiwa, Koplo, nyumba ya pili imeungua, inayofuata ni ya tatu, kaa usibanduke. Nikakaa. Nikaomba dua zote ninazozijua na nyingine nikazitunga. Moto ukaruka ukaenda nne." Alijaribu kutabasamu. "Nikasema, asante Mungu, umeniruka. Nilisema hivyo, afande. Kabla sijajua kwamba kuna mtu."

"Hukusikia kitu?"

Tabasamu lilimtoka.

"Nilisikia kugonga. Nikadhani anatengeneza kitanda. Nimeambiwa nisibanduke, nifanyeje? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nikabaki na kichwa changu."

"Hukuona mtu?"

"Ningeona vipi? Anatokea kwenye miiba. Mwenyewe anatuona sisi, hiyo ndiyo kazi yake. Baada ya hapo wakaleta wenzangu wawili, wakawaweka tano na sita. Nikawaambia, poleni, ila nyie mko salama. Huyu mtu anaogopa rungu."

Inspekta alimshukuru akaondoka. Maneno yale yalimwingia yakakaa, ila hakuyafungua. Alikuwa anafikiria mtoto na dirisha.

Ofisi ya Mkuu wa Jopo ilikuwa chumba cha walimu chenye masanduku ya bati hadi dirishani. Mkuu mwenyewe, mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, hakwenda kula. Chai yake ilikuwa imefanya utando.

"Mama, nina swali la kijinga," Inspekta alisema akivuta kiti. "Mtu anachoma nyumba saa ambayo hazina watu. Mzee wa nne alikuwa bahati mbaya, hata muuaji hakumtegemea. Sasa huyu anataka nini?"

"Anataka tukimbie. Na akiendelea, mimi nitakuwa wa kwanza. Nimebakiza koti tu."

"Mkikimbia, nani anafaidika?"

Mkuu wa Jopo alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akamtazama vizuri.

"Nilikuwa nakuja kwako baada ya chakula," alisema. Akagonga kidole kwenye sanduku lililokuwa peke yake chini ya meza. "Hili ni la kituo kimoja cha mtihani. Nilifungua karatasi chache. Swali la tisa wote wamekosa, na wamekosa kwa maelezo yale yale, neno kwa neno. Watoto hawakosi hivyo, afande. Kupata wanaweza wakapata pamoja. Kukosa, kila mtu hukosa kwa akili yake."

"Walipewa majibu."

"Waliuziwa mtihani, na aliyewauzia aliwakokotolea. Tukilifungua leo mbele ya jopo, mtu anakwenda jela. Kambi ikivunjwa, masanduku yanapandishwa lori, na njiani mambo ni mengi."

"Nani anajua?"

"Mimi na makamu wangu."

"Makamu wako ni nani?"

"Profesa."

Inspekta aliona mkono wake mwenyewe umeenda mfukoni, kwenye ufunguo.

"Swali la tisa linasemaje?"

"La mfuatano. Tatu, tano, tisa, andika namba inayofuata. Mwongozo unasema kumi na saba: umeongeza mbili, ukaongeza nne, unaongeza nane. Hao watoto wameandika kumi na tano: mbili, nne, sita." Mkuu alishusha pumzi. "Kikao cha kwanza kabisa Profesa alisimama akaipigania hiyo kumi na tano mpaka mate yakamruka. Akasema kwa namba tatu huwezi kumfungia mtu njia, kanuni ziko nyingi na zote halali. Na ni kweli, afande, mwalimu yeyote wa hesabu anajua. Swali lilikuwa bovu. Lakini mwongozo ni mwongozo, tukamkatalia."

"Profesa alisema hivyo."

"Mbele ya watu wote. Sijui walisahau vipi jana. Hofu inakula hesabu."

"Jana aliniambia namba hazijui kusema labda."

Mkuu wa Jopo alisukuma kikombe cha chai pembeni.

"Mama, kwa hiyo njia yake ya kumi na tano. Moja, mbili, nne. Inayofuata?"

Mama yule alihesabu kwa vidole, kwa mazoea tu. "Moja kwenda mbili umeongeza moja. Mbili kwenda nne umeongeza mbili. Sasa unaongeza tatu. Sa—"

"Walinzi," Inspekta alimkata, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Uliwapanga vipi?"

"Kawaida. Moto wa kwanza hatukuweka mtu. Wa pili, nikaweka mmoja nyumba inayofuata. Wa tatu, ule wa nyumba ya nne, nikaweka wawili nyumba zinazofuata."

"Hakuna mlinzi, akaenda nyumba ya jirani. Mlinzi mmoja, akaruka moja. Walinzi wawili, anaruka mbili." Alikuwa ameshasimama. "Hakuna kanuni yoyote, mama! Mfuatano tunautunga sisi! Yeye anaruka rungu tu. Nane ni ya kunipumbaza, ili saba aikute haina mlinzi!"

"Basi afadhali, saba si tupu?"

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni.

Alipita dirisha la bwalo akikimbia. Vichwa vimeinama juu ya sahani. Kwenye meza ya juu, kiti cha Profesa kilikuwa wazi na chakula chake kimefunikwa vizuri kwa sahani nyingine, kama cha mtu anayerudi sasa hivi.

Weee, mteremko ule aliuona mrefu. Alipiga kelele kuwaita konstebo, lakini upepo ulitoka chini kuja juu, ukamrudishia sauti yake mdomoni, na pamoja na sauti ukamletea harufu. Petroli. Akaanguka kwa goti, akainuka. Mfukoni ufunguo ulimchoma pajani kila hatua, na kichwani kulikuwa na wazo moja tu: mimi ndiye niliyewafungia.

Alijitupa kwenye pengo la ua bila kukinga uso.

Profesa alikuwa amechuchumaa mbele ya namba saba. Dumu dogo la mafuta ya kupikia liko pembeni, tupu. Mbao za mlango zimelowa mpaka usawa wa kufuli. Alikuwa na kiberiti mkononi, na njiti yake ya kwanza ilikuwa imezimika.

"Usiwashe! Kuna watu ndani!"

Aligeuka. Uso ulikuwa mweupe kama chaki zake. Akaliangalia kufuli, akamwangalia yeye.

"Usinichezee, afande. Kuna kufuli." Akawasha ya pili. "Mimi siui watu. Nimeangalia. Kuna kufuli."

Ndani mtoto akalia.

Profesa aliruka kama aliyeguswa na waya. Labda alitaka kuizima njiti ile. Inspekta baadaye, akiandika maelezo yake, aliandika hivyo hivyo: labda. Lakini vidole vilimwachia, njiti ikaanguka, na mlango ukashika moto wote mara moja.

"Afande!" mama alipiga kelele. "Afande, fungua! Ufunguo unao wewe!"

Inspekta alikuwa ameshaushika. Akajivutia mkono wa koti, akaingiza mkono kwenye moto. Kufuli lilikuwa jipya, gumu, na sasa lilikuwa la moto. Ufunguo uligonga pembeni, ukagonga tena pembeni. Nyuma yake Profesa alivua shati akawa anapiga ndimi za moto kwa shati hilo, analia kwa sauti ya mtoto. "Sikujua! Hata wa nne sikujua! Nilidhani yuko bwaloni, wote mlikuwa bwaloni!" Konstebo walitokea namba nane, mmoja akamkumba Profesa akamlaza, mwingine akaupiga mlango kwa bega ukamrudisha. Ufunguo ukaingia. Haukuzunguka. Ngozi ya kiganja ilikuwa inabaki kwenye shaba na Inspekta alisikia mtu anapiga mayowe, hakujua kama ni yeye au mama wa ndani. Akauzungusha tena kwa mikono miwili.

Kufuli likaachia.

Mama Kichanga alitoka ameinama, amejifunika shuka lililotota maji, mtoto amemzungushia kifuani ndani yake. Alipita katikati ya moto bila kusimama, akaenda mpaka kwenye michongoma, akapiga magoti, akalifungua shuka. Mtoto alikohoa. Akakohoa tena. Halafu akalia kwa hasira zote, na kila aliyekuwa pale akavuta pumzi.

Koplo alifika akihema na ndoo ya maji, na nyuma yake walinzi wenzake, na nyuma yao walimu, wengine bado wana vijiko mikononi. Maji yalimwagwa. Mlango ulifuka moshi mweusi. Profesa alikuwa amelazwa kifudifudi, pingu nyuma.

Inspekta alisogea. Viganja vyake alivishika mbele yake, vimefunguka, haviwezi kufunga. Machozi yalimtoka na hakujali nani anayaona.

"Nipe mtoto nikushikie," alisema. "Unatetemeka. Nipe, mdogo wangu, ukae chini kidogo."

Mama Kichanga aliinuka. Alimtazama usoni muda mrefu, kisha akaviangalia vile viganja, wala hakuvionea huruma.

"Mimi si mdogo wako," alisema.

Akampita. Akaenda kwa Koplo, ambaye hakumjua zaidi ya salamu za asubuhi, akamwekea mtoto mikononi. Kisha akakaa chini kwenye majani, akaanza kutapika.